Nilivyolala Chini ya Gomesi ya Mama Mkwe

Weka simu chini kwanza. Na wewe uliyejificha nyuma ya cherehani, nakuona. Askari magereza hustaafu miguu tu, macho yanabaki kazini. Siku tatu sasa mnatazama kwenye simu jinsi watu wa ng'ambo wanavyoshona mablanketi ya viraka. Wana meza kubwa kama uwanja wa paredi, wana visu vya gurudumu, wana pasi zinazotema mvuke zenyewe. Halafu mnanigeukia: "Mzee Opolot, sisi hapa Malukhu, Mbale, tutaanzaje bila vitu hivyo?" Mtaanza kama nilivyoanza mimi, kwa mkasi mmoja butu na matusi ya Hajati Mwanaidi.

Hajati alikuwa mjane wa Mpumudde, kule Jinja. Aliuza vitambaa barazani kwake, na wateja wakipungua alishona mablanketi ya viraka. Mimi nilikuwa askari magereza, kitengo cha ushonaji, kazi yangu sare. Kaki asubuhi, kaki mchana, kaki jioni. Ilifika mahali hata ndoto zangu zikawa za kaki. Basi siku moja nikapita kwa Hajati kutafuta bitana, nikakuta blanketi limeanikwa kambani, viraka vyekundu, vya manjano, vya kijani, vya maua, vya mistari. Nikasimama pale mdomo wazi. Hajati akaiona sare yangu, akaweka sindano chini polepole.

"Afande," akasema, "kama umemfuata marehemu mume wangu, umechelewa."

"Sikumfuata mtu, Hajati. Nataka kujifunza hiyo."

Akalitazama blanketi, akaitazama mikono yangu, akalitazama tena blanketi. "Kwa mikono hiyo? Hiyo si ya kuvunjia milango?"

Lakini alinifundisha, kila Jumamosi, kwa miaka. Blanketi langu la kwanza lilikuwa la kaki tupu, maana vipande vya kaki ndivyo nilivyokuwa navyo. Nilivipanga safu kwa safu, kila kiraka kimesimama nyuma ya mwenzake, nikavishona mara mbili mbili kwa uzi mnene wa mikoba. Ndani nikatia mablanketi mawili makuukuu, watu wasije wakasema nimebania. Hajati akajilaza mkekani, akajifunika kulijaribu. Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka chini: "Afande, nitoe." Nikamtoa. Akakaa akihema, akajifunga upya mtandio wake.

"Hili si blanketi," akasema. "Hiki ni kifungo cha miaka saba, na kazi ngumu juu yake."

Mnacheka? Chekeni, lakini mkasi ubaki mezani, usichezewe.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Kitenge kipya, kabla hujakikata, kiloweke, kikauke, ukipige pasi. Mimi niliona huko ni kupoteza muda. Nikamshonea mchungaji mmoja blanketi la kitenge chekundu ambacho hakijaona maji. Akalala nalo, akatoka jasho, akaamka shingo nyekundu, kifua chekundu, masikio mekundu, akakimbilia hospitali badala ya kanisani. Waumini walimwombea wiki nzima. Mimi peke yangu ndiye niliyeujua ugonjwa wenyewe, na sikufungua mdomo. Nilikwenda nikasema amina pamoja na wengine.

Jambo jingine: ukishapanga tabaka zako tatu, viraka juu, cha kutia joto katikati, bitana chini, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, kuanzia katikati kwenda kingoni. Ukianzia kingoni mikunjo yote itakimbilia katikati, na mteja wako ataonekana ana ujauzito kila akijifunika. Nilifanya hivyo kwa blanketi la bwana mmoja wa polisi. Alilileta akiwa amelikunja kwapani, akaniuliza kwa adabu sana kama humo ndani kuna mtu.

Na la mwisho ni lile ambalo Hajati alilirudia mpaka likanichosha. Nguo kuukuu, kabla hujaigusa kwa mkasi, uliza ilivaliwa na nani. "Iko siku utakata nguo ya marehemu wa watu," alikuwa akisema, "ukoo mzima uje kulilia hapa kwangu na mimi sina viti." Nilimjibu ndiyo Hajati, ndiyo Hajati, na sikuwahi kuuliza. Kwangu kitambaa kilikuwa kitambaa.

Badala yake nikajitungia sheria yangu. Kila blanketi nililomaliza, nililala nalo usiku mmoja kabla ya kulitoa. Mimi nina mwili, mnaniona, na usingizini napiga mateke kama ng'ombe anayekamuliwa na mgeni. Blanketi likivumilia usiku mmoja na mimi, litavumilia ndoa yoyote. Hajati aliipenda sheria hiyo kuliko mimi. Akishika blanketi mbele ya wateja anapaza sauti, "Hili limelaliwa na afande mwenyewe! Tazameni, uzi haujakatika hata mmoja!" Nami nasimama kando nimetoa kifua.

Siku moja akaja mwalimu wa chekechea wa pale pale Mpumudde, jina lake Nambozo, msichana wa Mbale, kwao Nabuyonga. Alikuja kuchukua blanketi la mtoto mchanga wa rafiki yake. Hajati akaanza wimbo wake, limelaliwa na afande. Nambozo akalinyanyua lile blanketi dogo kwa vidole viwili, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Ulilala chini ya hiki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sehemu yako ipi?"

Wiki iliyofuata akarudi kulifuata jibu, na wiki iliyofuata tena, na kabla mvua hazijakatika tulikuwa tumeelewana. Nilimpenda Nambozo, nawaambia wazi. Nikimwona anakuja barabarani nilikuwa najichoma sindano.

Tukapanga siku ya utambulisho, siku ile mwanamume anapokwenda na watu wake na zawadi zake nyumbani kwa msichana, wazee wa huko wakubali au wakatae. Hapo lazima nisimame kidogo, maana nyinyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe sofa moja mkitazama tamthilia, mkilia pamoja. Kwa wakwe zangu si hivyo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Akija njia hii, wewe ingia hata kwenye migomba ya watu mpaka apite. Nguo anazovaa huzigusi. Na mambo ya kitandani, matandiko yake na yako, hayo ndiyo hayakutani kabisa, milele. Ni heshima, na kwetu Teso heshima hiyo ipo vilevile, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Nikamwambia Nambozo nataka kumpelekea mama yake blanketi la viraka, ajue binti yake anaolewa na fundi. Nambozo akafurahi. Aliporudi kutoka likizo akaniletea bunda la nguo kuukuu kutoka kwao. Ndani yake mlikuwa na gomesi ya zambarau yenye maua ya fedha, imechakaa mabega lakini upande wa chini bado inang'aa. Mnaijua gomesi, lile vazi refu la heshima la mama zetu, ina kitambaa cha kutosha kuvalisha familia. Nikaikata, nikaiweka katikati ya blanketi kama nyota kubwa, nyingine zote nikazizungusha pembeni. Sikuuliza ilikuwa ya nani. Na nilipomaliza, nikafanya kama nilivyofanya siku zote.

Nililala nalo. Nililala vizuri sana.

Mtaniuliza Nambozo hakuijua sheria yangu? Aliijua! Lakini alidhani mtu mzima, mwenye cheo, hahitaji kuambiwa kwamba la mama mkwe halimo kwenye sheria hiyo. Mwenyewe anasema mpaka leo kwamba hilo ndilo kosa lake pekee katika ndoa yetu, kudhani.

Siku ikafika. Ndugu zangu wote walikuwa mbali Soroti, wachache ndio waliofika, kwa hiyo Hajati akaja kama mzazi wangu, amejifunga kanga mpya, amejipaka hina. Nabuyonga uani wazee walikuwa wamekaa upande wao, na mbele yao Mzee Wandeba, baba mkubwa wa Nambozo, ndiye mkubwa wa nyumba ile kwa kuwa baba mzazi wa Nambozo alikwisha fariki. Kimasaba, lugha yao, sikukijua hata neno. Nikasimama, nikatoa salamu kwa Kiswahili, kwa sauti niliyoizoea kazini: "Hamjambo wazee!" Wazee wawili wakasimama wima, na wa tatu akaanza kupapasa mifukoni akitafuta kitambulisho. Kwa watu wa umri ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Nambozo alilazimika kupita akiwaambia wakae, huyu ni bwana harusi.

Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, asinione nisimwone. Shangazi yake Nambozo, Khainza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya sokoni, akalipokea blanketi akaliingiza ndani. Kisha ndani kukatoka mlio mkali. Nikadhani amegusa sindano niliyoisahau.

Kumbe ni furaha! Ile gomesi ya zambarau ndiyo aliyovaa siku alipoletwa nyumba hii akiwa bibi harusi. Haikuvalika tena, na kuitupa hakuweza, na Nambozo alikuwa ameiomba kwa siri kwa Shangazi ili imrudie mama yake ikiwa kitu kizuri. Mama mkwe alikuwa analia, anacheka, anapiga vigelegele, vyote kwa pamoja. Wanawake wa nje wakadakia. Mzee Wandeba akavua kofia. Nikamwona Nambozo ananitazama, macho yamejaa machozi. Nilikuwa nimeoa, jamani. Imebaki kula tu.

Hapo ndipo Hajati alipoona haitoshi. Akainuka, kanga inameta, akainua mkono.

"Na bado hamjasikia!" akasema. "Mnadhani ni blanketi la dukani hilo? Afande wetu hampi mtu kitu asichokijaribu mwenyewe. Hilo amelilalia! Usiku kucha! Wallahi nguo hiyo imekaa juu ya mwili wake mpaka jua limechomoza, na haikutatuka hata uzi!"

Akakaa, akingoja makofi.

Aliyejua Kiswahili akamfasiria asiyejua. Niliona habari ikipita mtu hadi mtu, na kila ilipofika mdomo ulifunguka ukabaki hivyo. Mzee Wandeba akaivaa kofia yake. Ndani ya nyumba kitu kikaanguka, baadaye nikaambiwa ni blanketi. Nambozo akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Hajati akaniinamia akaninong'oneza, "Afande, nimesema nini?"

Wazee wakaniita mbele. Mzee Wandeba alikuwa mwalimu mstaafu, na aliuliza kwa Kiswahili cha kuchagua maneno.

"Bwana, ni kweli ulilala?"

Hajati alinikanyaga mguu nikatae. Lakini Nambozo alikuwa ananitazama kupitia vidole vyake. "Ni kweli, mzee. Sikujua gomesi ni ya nani."

"Ulijifunika mpaka wapi?"

"Mpaka kifuani, mzee."

"Na gomesi ilikuwa upande gani wa blanketi?"

"Katikati."

"Katikati ya blanketi. Na kwako wewe, ilikuwa wapi?"

"Katikati, mzee. Katikati yangu."

Kikongwe mmoja akaomba maji.

Wazee wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana. Tatizo lao lilikuwa kubwa kweli. Kumshika mama mkwe mkono kwa bahati mbaya, walijua, ni kuku. Kugongana naye mlangoni, mbuzi. Kumkuta akioga, ng'ombe, na usionekane mwaka mzima. Lakini kulala chini ya gomesi yake ya harusi hakukuwa na aliyewahi, tangu mlima Elgoni uwepo. Mmoja akasema gomesi ni nguo tu, si mtu. Mwingine akasema basi ivae wewe tuone. Wa tatu alitaka kujua kama nililala chali au kifudifudi, akaja hadi nilipo kuniuliza, akarudi mbio na jibu.

Jioni Mzee Wandeba akatoka na uamuzi ambao haukuwa uamuzi. Blanketi lile litakaa kwake kama ushahidi. Mimi nitashona jingine, la vitambaa vipya, hapa hapa uani, mchana, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane kwamba sikulala chini yake hata kwa kusinzia. Wazee wataendelea kushauriana. Likikamilika watasema kama Nambozo anaolewa na mimi au tunarudishiwa vitu vyetu.

Nikaomba likizo. Nilipanga kwa askari mwenzangu hapa Malukhu, na kila asubuhi nikapanda boda boda kwenda Nabuyonga kushona chini ya ulinzi. Mimi, askari magereza! Watoto wa jirani walikuwa wanaletwa kunitazama. Uchungu wangu haukuwa huo. Uchungu ulikuwa kumwona Nambozo anapita na ndoo ya maji, hatua tano tu kutoka kwangu, nisiruhusiwe kuongea naye, huku nikijua wazee wakisema hapana nitarudi Jinja peke yangu na kaki yangu. Siku nyingine nilishona siuoni uzi, na nilisema ni moshi wa jikoni.

Mama mkwe alikuwa ndani, dirishani, nyuma ya pazia. Sikumwona, lakini yeye aliniona vizuri mno. Kumbe mwanamke yule alikuwa fundi wa kufuma. Kila kitu nyumbani mwake kilivaa kitambaa cha kufuma, viti, meza, redio, hata dumu la maji. Jicho lake halikukosa kitu. Na kwa kuwa hakuweza kusema nami, alimwambia Shangazi Khainza kwa Kimasaba, na Shangazi, aliyesimama katikati ya dirisha na mimi, alinitafsiria kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama nasema, ile laini ya tatu iko nakwenda Tororo."

"Mwambie Mama nimesikia, nitairudisha Mbale."

"Mama nasema, hiyo rangi ya chungwa nani alikualika?"

"Mwambie naiondoa."

"Mama nasema kaa sawa, utapinda mgongo. Mimi naongeza, na funga shati."

Akaamuru blanketi liwe na pindo la kufuma kwa sufu pande zote. Mimi nilikuwa mtu wa sindano, kulabu ya kufumia sijawahi kuishika. Akanifundisha kutoka dirishani, kupitia mtu ambaye naye hajui kufuma. Mnyororo wa kwanza ulegeze, usivute kama unafunga mbuzi. Kwenye kona tia vitanzi vitatu tundu moja, pageuke bila kujikunja. Mimi konani nilitia kimoja, na nilivuta. Kipande changu cha kwanza kikajikunja pande zote kikawa kofia. Shangazi akakivaa siku nzima, akaenda nacho sokoni, na aliporudi alisema amepata watu wawili wanaokitaka.

Niseme ukweli, nilijifunza mengi zaidi Nabuyonga kwa wiki mbili kuliko Mpumudde kwa miaka miwili. Blanketi lilikuwa linatoka zuri, zuri mpaka majirani wakaacha kunicheka wakawa wanalishika. Lakini wazee hawakuwa wanafika popote. Na Mzee Wandeba, tangu ushahidi uwe chumbani kwake, alikuwa anaamka jua likiwa juu, na kila akiulizwa kesi imefika wapi anasema tusiharakishe, asubuhi za Mbale zina baridi.

Siku ya mwisho ulibaki mstari mmoja wa kushona. Nambozo akaniletea chai. Akapiga goti kama ada, akaweka kikombe, akasema bila kusogeza midomo.

"Jana walikuwa wanabishana kama ulivaa soksi. Hawamalizi mwaka huu, Opolot, wala ujao."

"Tufanye nini?"

"Pindisha mstari."

"Nini?"

"Huo wa mwisho. Mama namjua. Pindisha, na usimsikilize."

Akaondoka. Vijana, nimeng'olewa meno mawili bila sindano ya ganzi, na sikuumia kama siku ile. Nilikuwa na mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kushona, na hapo pembeni, mahali pa kuonekana, nikaanza kupinda. Kwanza kidogo.

"Mama nasema laini imepinda," akasema Shangazi.

"Mwambie nimesikia." Nikaendelea, nikapinda zaidi.

"Mama nasema fumua."

Nikachoma sindano, nikavuta uzi, nikapinda.

"Mama nasema wewe mgonjwa? Mama nasema fumua! Mama nasema..." Shangazi akageuka kutazama dirisha. "Mama hasemi kitu. Mama ametoka dirishani."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Nikasikia miguu mitupu inakuja mbio, na kabla sijainua kichwa, mkono ulinipokonya sindano vidoleni na mwingine ukavuta blanketi.

"Leta hapa, we mtu!" Kwa Kiswahili, safi, kama amezaliwa kambini. "Unaharibu kitu kizuri namna hii! Huna macho? Tangu mwanzo unashona vizuri, hapa mwisho pepo gani limekuingia? Sogea!"

Nikasogea. Akakaa kwenye mkeka wangu, bega lake kwenye bega langu, akaanza kufumua. Alifumua mishono mitano, sita, saba, akiguna kwa kila mmoja. Kwenye wa nane mkono wake ukasimama. Akageuka taratibu, akanitazama usoni, nami nikamtazama. Alikuwa Nambozo mwenye mvi, basi, macho yale yale. Nilikuwa nimemwogopa wiki mbili, na hapo nikatamani awe mama yangu.

Mzee Wandeba akatoka nyumbani kwake akipiga miayo, blanketi la ushahidi liko mabegani. Akasimama.

"Shemeji," akasema, "umefanya nini?"

Shangazi Khainza akampigia makofi matatu, akahesabu kwa vidole. "Ametoka nje. Amekaa naye mkeka mmoja. Amemgusa vidole. Amemtazama usoni. Amemwita we mtu. Sasa, kaka, nani atamtoza nani?"

Wazee wakaitwa. Safari hii hawakwenda nyuma ya nyumba. Walitazama mkekani, wakatazamana, wakalitazama lile blanketi mabegani mwa Mzee Wandeba, naye akalitoa haraka akalikunja. Kikongwe wa siku ile akaomba maji tena. Mwishowe Mzee Wandeba akasafisha koo, akasema kosa la mkwe na kosa la mama mkwe yamekutana hapa mkekani yakamalizana, na kwamba atachinjwa mbuzi mmoja, aliwe na wote, na habari ya soksi isizungumzwe tena.

Mama mkwe hakuinuka. "Nimekwisha kukaa," akasema. "Niacheni nimalize mstari."

Akaumaliza, polepole, umenyooka. Akakata uzi kwa meno, akaweka sindano kwenye kiganja changu bila kukigusa, akajifunika kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Pazia la dirisha likatikisika. Sauti ikatoka, kwa Kiswahili kile kile, ya kusikika Nabuyonga nzima.

"Khainza! Mwambie mkwe wangu achukue mke wake."

Shangazi akanigeukia, hatua tatu kutoka dirishani, akajiweka sawa.

"Mama nasema chukua bibi yako."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. "Mwambie Mama," nikasema, "nimesikia."